Karata tatu za stesheni

Desemba iliyopita, chini ya mwembe wetu hapa Kwihara, nilimkuta kijana wangu wa miaka 17 anacheza poka kwenye simu. "Si ya hela, baba," akaniwahi.

Nilitaka kufoka. Badala yake nikakaa mkekani nikamwambia anifundishe. Akaleta karata na sahani ya karanga. Kila mmoja akachukua punje 20.

Msingi wake si mgumu. Kila mchezaji anapewa karata tano. Jozi inashindwa na jozi mbili, nazo zinashindwa na tatu zinazofanana. Juu yake kuna tano zinazofuatana, kisha tano za aina moja, mfano kopa tupu, ambazo huja kama mara moja katika 500. Mnaweka dau kabla ya kuonyeshana. Ukiona karata zako mbovu, unaziweka chini na kupoteza kidogo.

Akasukuma karanga nyingi. Nikaogopa, nikaweka chini jozi yangu ya wafalme. Akacheka: "Baba, sikuwa na kitu!"

Nikapandwa na hasira. Tangu hapo sikuweka chini hata karata mbovu. Nilitaka karanga zangu zirudi. Zikaisha zote.

Hapo nikamsimulia nisichowahi kumwambia mtu. Nikiwa na umri wake, mama aliuza asali akanipa nauli na ada. Nje ya stesheni ya Tabora palikuwa na mchezo wa karata tatu. Nilimwona mtu anashinda. Sikujua ni mwenzao. Nikaweka nauli, ikaliwa. Nikaweka ada ili nirudishe nauli. Mama nilimwambia nimeibiwa kwenye treni. Amefariki akiamini hivyo.

Kijana akanyamaza, akichezea maganda ya karanga. Kisha akasema, "Baba, mimi nimeshacheza ya hela. Kwa laini ya rafiki yangu. Elfu kumi ya mama ile iliyopotea ni mimi."

Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikai na mtoto mkekani. Wazazi wenzangu, ningefoka siku ile, angeificha kama nilivyoificha mimi.

Jioni tulikwenda wote wawili kwa mama yake. Alianza yeye kusema, nami nikafuata.