Kurasa za Nyuma

Daftari lenyewe ni la jalada gumu. Nililinunua Katesh kwa ajili ya hesabu za mbaazi. Ukilifungua kwa mbele utakuta magunia, kilo na bei ya siku ile. Ukiligeuza ukaanzia nyuma, utamkuta binti yangu.

Kauli ya kwanza ni ya Machi 2021, akielekea kutimiza miaka mitatu. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani ndani. Akanivuta shati, akaninong'oneza: "Baba, mwambie anayetwanga huko juu apumzike." Nilikuwa na kalamu mkononi kwa ajili ya mbaazi. Nikageuza daftari, nikaandika.

Tangu siku hiyo nikawa naandika. Taa ya sola ikififia: "Leo imekula jua kidogo." Alizeti za jirani zote zimetazama upande mmoja: "Mwalimu wao yuko kule." Mbwa wetu akitikisa mkia: "Anacheka kwa nyuma." Usiku, watoto wakishalala, nilikuwa namsomea mama yao, naye hucheka kwa kujiziba mdomo na kitenge asiwaamshe.

Huku Masakta mtoto huanza na Kiiraqw. Kiswahili humjia baadaye, kutoka redioni, kanisani, dukani, kwa kaka na dada waliokwisha kuanza shule. Kwa Kiiraqw bibi ni *ama*, babu ni *ako*. Sasa, jioni moja mtangazaji alikuwa anasoma habari za hali ya hewa, akasema mvua huenda ikanyesha leo ama kesho. Mtoto alikuwa sakafuni na magunzi yake. Aliyaacha pale pale, akatoka mbio hadi kwa mama yangu jikoni: "Ama! Ama! Redio inakuita! Inasema mvua ni kesho!"

Mama yangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Halafu akajifunga kanga vizuri, akaja kukaa mbele ya redio, kwa kuwa ameitwa. Kwa wiki nzima alikuwa anaulizia kama ile redio imemtaja tena.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ile ya miti. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba mtu ni watu, mtoto ni watoto. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha, alijikamatia mwenyewe. Basi mti nao ukawa wati. Kila asubuhi tulikuwa tunautazama mlima Hanang, mita 3,400 na ushee, mara nyingi umejifunika wingu, na chini ya wingu ukanda mweusi wa msitu. Yeye akiuona huo ukanda husema: "Wati wameamka." Wingu likishuka: "Wati wamejifunika." Mke wangu alinionya kwamba nisipomrekebisha atachekwa shuleni. Sikumrekebisha. Niliona ni heri mlima uwe na wenyewe.

Mimi sina hata kauli moja ya utotoni mwangu iliyohifadhiwa. Si kwamba hatukusema. Baba yangu alikuwa mtu wa upole, ila kwa malezi ya wakati ule mtoto hakai penye mazungumzo ya wakubwa, na wazee wakianza *slufay*, yale maombi yetu marefu ya kuitikiana, sisi tuliyasikilizia mbali, karibu na zizi. Nilipomuuliza mama kama anakumbuka neno lolote nililowahi kusema, alifikiri sana, akasema, "Ulikuwa unalia usiku." Nadhani ndiyo maana niliendelea kuandika.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha sana, na sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka Jorodom, Gendabi na Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kwetu walikuja ndugu watano, wawili kati yao hawana viatu, na nyumba ikajaa watu wanaoongea kwa sauti ya chini.

Siku chache baadaye nilikwenda Katesh kusaidia, nikarudi jioni na tope hadi magotini. Wageni waliniuliza nilichokiona. Nikasema magogo yamelala barabarani, marefu, yameng'oka na mizizi yake. Binti yangu, miaka mitano na nusu, alikuwa ameegemea goti la bibi yake. Akauliza: "Ama, wati nani aliwasukuma?"

Mama yangu hakucheka. Alimpakata, akamfunika kichwa kwa kanga. Mmoja wa wageni akatoka nje.

Ile niliiandika pia, lakini sikuweza kuiweka kule nyuma pamoja na mbwa anayecheka. Iko mbele, chini ya hesabu ya magunia ya mwaka ule, na baada yake kuna miezi sikuandika kitu.

Mwaka 2024 alianza darasa la awali, na Januari 2025 akaingia la kwanza. Jioni moja alinionyesha zoezi lake: mtu, watu, mti, miti, mto, mito. Vema zote, wino mwekundu. Nilimpongeza na nilikuwa nafurahi kweli. Kesho yake asubuhi mlima ulikuwa umejifunika, nikangoja. Akasema, "Baba, leo miti haionekani," akaweka begi mgongoni, akaenda.

Nilidhani kurasa za nyuma zimefungwa. Juzi tulikuwa tumekaa na mama yangu tunamenya mbaazi mbichi, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema tena maneno yale yale, leo ama kesho. Nikamwona binti yangu ameacha kumenya. Alinitazama mimi kwanza, midomo ameibana, macho yanacheza. Anajua sasa *ama* ya redioni ni ipi na ya kwetu ni ipi. Kisha akamgeukia bibi yake, taratibu, kwa uso wa mtu mwenye habari nzito:

"Ama, unaitwa."

Mama yangu akajifunga kanga.