Chema Hakijiuzi

Mlinzi aliyesimama mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho wa Doha, Mei 2024, alikuwa Mkenya wa Kilifi, na mfukoni mwake mlikuwa na riwaya. Ilikuwa ndani ya simu: sura kumi na tisa za Kiswahili, alizoziandika usiku kwa kidole gumba, juu ya kitanda cha ghorofa katika chumba cha watu sita. Kazi yake ilikuwa kukagua mikoba. Siku zote za Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu aliitazama mikoba ikiingia mitupu na kutoka imejaa.

Jioni moja, alipokuwa akizunguka kuhakikisha mabanda yamefungwa, aliokota chini ya kiti kijitabu cha kurasa chache. Hakikuwa cha mchapishaji. Kilikuwa cha wakala wa waandishi wa London, na kiliorodhesha vitabu ambavyo bado havijatoka: riwaya kwanza, kisha historia, tawasifu na insha. Kila kitabu kilipewa aya moja, idadi ya maneno, mwezi ambao mswada utakuwa tayari, na mstari wa mwisho wa haki zilizokwisha kuuzwa, lugha kwa lugha. Kimoja kilikuwa kimenunuliwa Ujerumani na Italia ilhali mwandishi wake hajakimaliza. Mlinzi alikuwa amemaliza chake, na hapakuwa na mtu aliyejua kuwa kipo.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewafariji waandishi wengi, na imewaponza wengi zaidi. Katika biashara ya vitabu, chema nacho hutembezwa, tena na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Wakala huusoma mswada kabla ya mchapishaji, humrudishia mwandishi aurekebishe, huupeleka kwa wahariri anaowajua kwa majina, na hujadili malipo ya awali na mrabaha. Haki huzigawa vipande vipande: za Uingereza, za Marekani, za tafsiri, za filamu. Ujira wake kwa kawaida ni asilimia 15 ya mapato ya nyumbani na 20 ya yale ya tafsiri, kwa hiyo mwandishi asipopata, naye hapati. Hapo ndipo anapotofautiana na dalali wa mnadani: dalali huiuza bidhaa mara moja akaenda zake, ilhali wakala hubaki na mwandishi kitabu baada ya kitabu.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ana wakala London. Alipotunukiwa Nobeli mwaka 2021, kulikuwa na mlango wa kubisha kwa kila mchapishaji wa ng'ambo aliyetaka kumtafsiri. Lakini riwaya yake *Paradise*, iliyotoka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Booker mwaka huo, ilikuja kusomwa kwa Kiswahili mwaka 2022 tu, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi* na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ni miaka 28 kabla ya kitabu kuifikia lugha ya kwanza ya mwandishi wake. Ikiwa chema kingekuwa kinajiuza, kitabu kile kingefika kwao mapema zaidi.

Waarabu, wenyeji wa maonyesho hayo ya Doha, wanaujua upungufu huu. Kwa muda mrefu mwandishi wao alishughulika na mchapishaji ana kwa ana, bila mtu wa kati. Mwaka 2004 Yasmina Jraissati alianzisha Raya, wakala wa kuzipeleka fasihi za Kiarabu kwa wachapishaji wa nje. Mwaka 2014 Doha yenyewe ilianzisha Tuzo ya Katara ya Riwaya ya Kiarabu, inayopokea hata miswada isiyochapishwa na kugharimia tafsiri za washindi. Mwaka huohuo ilianzishwa tuzo ya Kiswahili iliyokuja kujulikana kama Safal-Cornell, nayo ikiwa wazi kwa miswada. Tuzo hizi zimefanya sehemu ya kazi ya wakala. Hata hivyo, tuzo huchagua wachache kwa mwaka, kisha hufunga mlango hadi msimu ujao. Haimwandikii aliyeshindwa kumweleza sura ya saba imelegea wapi.

Mgeni wa heshima wa maonyesho ya mwaka ule alikuwa Oman. Katika banda moja mlinzi alimsikia mzee akiongea Kiswahili kwa simu, akangoja amalize.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Kilifi. Mzee, mtu akiwa na riwaya ya Kiswahili, humpelekea nani?"

"Humpelekea mchapishaji, kisha husubiri."

"Muda gani?"

Mzee alicheka kidogo. "Mimi nalisubiri miaka minne, nikaacha kuhesabu. Huna mtu wa kukusemea?"

"Sina."

"Basi ndiyo hivyo."

Kwenye basi la kampuni, mlinzi alisoma tena sehemu ya pili ya kijitabu, ile ya vitabu visivyo vya kubuni. Maisha yake mwenyewe yangeweza kuwekwa humo, lakini alikuwa amechagua riwaya kwa makusudi. Alikijua kisa cha Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyeandika kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji Qatar: alikamatwa Doha Mei 2021, akazuiliwa karibu mwezi mmoja, na Julai akatozwa faini ya riyali 25,000. Bidali aliandika kwa Kiingereza, na alipokamatwa walikuwapo watu wa nje waliokwisha kumsoma, wakapaza sauti. Anayeandika kwa Kiswahili, gizani, hana hata hao.

Kinachohitajika si ofisi kubwa. Mhariri wa Paris au New York asiyejua Kiswahili huhitaji muhtasari mzuri wa kurasa mbili, sura moja iliyotafsiriwa vyema, na mtu anayemwamini wa kumwambia kwamba sura nyingine kumi na nane zinailingana. Watu wenye uwezo wa kuyaandaa hayo wapo katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu, Dar es Salaam hadi London, na katika nyumba za Waswahili walio ughaibuni. Wengi wao huandika juu ya vitabu vilivyokwisha kutoka. Ni wachache wanaosoma visivyotoka.

Usiku ule, nyuma ya kijitabu, mlinzi aliandika kwa kalamu ya bluu aya ya kumi na tano ya orodha: jina la riwaya, maneno 61,000, mswada uko tayari. Kwenye mstari wa mwisho aliandika kwamba haki zilizouzwa ni hakuna, na zinazopatikana ni za lugha zote.

Mkataba wake ulipokwisha alirudi Kilifi, akauchapa mswada kwenye karatasi na kuutuma kwa wachapishaji wawili. Mmoja amejibu kuwa ameupokea.