Chai ya Fundi, Kutoka Jabali la Tororo Hadi Mpaka wa Busia

Msafiri atokaye Jinja huliona jabali la Tororo kabla hajauona mji wenyewe. Limesimama peke yake katikati ya uwanda, na kilele chake kiko mita zipatazo 1,480 juu ya usawa wa bahari. Chini yake umetandaa mji wa saruji na reli. Njia ya gari moshi itokayo Mombasa, iliyofika Kampala mwaka 1931, yapita hapa; na nyaya za umeme zilizovutwa kutoka Jinja kuelekea Nairobi katika miaka ya 1950 zilipitishwa hapa pia. Ni mji ambamo mwashi, fundi mabati na fundi umeme hawatafutwi mbali.

Wala hawakosi kazi. Vitabu vya hali ya hewa vya zamani viliiandikia Tororo siku 251 za radi kwa mwaka, hesabu iliyoufanya mji huu utajwe miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi kabisa duniani. Hapa bati lililopigiliwa kwa misumari michache halingoji mwaka wa pili. Waya wa ardhi usiofukiwa sawasawa waweza kuiteketeza redio, na zaidi ya redio. Lakini misumari hesabu yake iko juu ya paa, na waya wa ardhi uko chini ya udongo. Mama mwenye nyumba hawezi kuvikagua. Hana budi kuuamini moyo wa fundi. Ndiyo maana swali la kumpa fundi kitu juu ya ujira wake si dogo katika nyumba za pande hizi.

Desturi yenyewe ni ya kale. Kwa Wateso waishio pande zote mbili za mpaka, jirani walioitwa kulima au kujenga walikaribishwa kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi na kunywa kwa mirija mirefu. Leo ujira ni fedha, ila chungu kimeacha mrithi: chai. Saa nne asubuhi fundi hutazamia kikombe na kipande cha mkate, na mchana sahani ya ugali wa muhogo na wimbi, pamoja na samaki ikiwa siku ni njema. Hiyo si bakshishi. Ni heshima ya nyumba, na ni vema ikubaliwe mapema kama imo ndani ya bei au la, maana magomvi mengi ya fundi na mwenye nyumba huanzia kwenye sufuria.

Bakshishi ni jambo jingine. Haidaiwi, na haitolewi kabla ya kazi. Baadhi ya akina mama wana njia yao, nayo ina busara: siku kazi inapokwisha humlipa fundi ujira wake wote, bila kubakiza hata senti, kisha huingoja mvua kubwa ya kwanza. Dari ikibaki kavu, fundi hupelekewa chake siku atakapopita. Aliyekwisha kupokea bakshishi asubuhi, nyundo mkononi, hana tena sababu ya kuikumbuka mvua.

Kutoka Tororo hadi Busia ni mwendo usiofika saa nzima kwa gari. Miji ni miwili, jina ni moja, na kati yake uko mpaka. Baiskeli zilizovusha abiria na mizigo hapa ndizo zilizolizaa neno bodaboda, ambalo sasa lajulikana Afrika Mashariki nzima. Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Mafundi huvuka asubuhi na kurudi jioni, na hapo ndipo bakshishi ina mtego wake. Noti ya elfu moja ni kubwa kuliko zote nchini Kenya. Nchini Uganda ni ndogo kuliko zote. Mgeni atamkaye "nitakupa elfu" bila kutaja ni ya wapi aweza kumfurahisha fundi bure, au kumtukana.

Mtego mkubwa zaidi umo katika neno chai lenyewe. Mpakani neno hili lina maana mbili, na watoto wa askari huzisikia zote. Mfanyakazi wa umeme au maji aliyetumwa kufunga mita, na fundi wa idara aliyekuja kuziba bomba la nyumba ya serikali, wamekwisha kulipwa mshahara. Anayesema mita haitafungwa bila chai haombi shukrani. Sheria ya Uganda ya kupambana na rushwa ya mwaka 2009 na Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia. Maji ya kunywa na neno la ahsante vyamtosha mtu huyo, na akistahili sifa zaidi, apelekewe mkubwa wake barua.

Limebaki moja lihusulo nyumba za askari peke yake. Fundi wa mtaani akiulizwa bei na mke wa askari, aghalabu hujibu, "Mama, utanipa utakachoona." Jibu hilo lasikika kama adabu, na pengine ni adabu kweli. Mara nyingine ni woga wa magwanda yaliyoanikwa kwenye kamba. Akipewa nusu ya kile anacholipwa na mwalimu jirani, kisha akaongezewa noti ndogo kwa tabasamu, hajapewa bakshishi. Amerudishiwa sehemu ya chake. Nyumba ya askari na iulizie bei kwa jirani asiye na magwanda, ilipe hiyo, ndipo ifikirie nyongeza.

Nyongeza ikiwapo, saidia fundi asisahauliwe. Ndiye aliyechanganya zege na kupandisha mabati, na kilichotiwa mkononi mwa fundi mkuu si lazima kimfikie. Apewe chake mwenyewe, mbele ya mkubwa wake, kabla hajaifunga ngazi kwenye baiskeli.