Damu Ina Mwenyewe

Tanga,
14 Oktoba

Mwanangu Rehema,

Tangu asikie umechaguliwa kusoma shahada ya pili, bibi yako hajamaliza kuwasimulia majirani. Huku tunangoja mvua za vuli.

Juzi kwenye simu uliponiambia kwamba utachunguza vimelea vya malaria na maisha yao ndani ya chembe nyekundu za damu, nilinyamaza ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Nilimkumbuka Salim, baba yako mdogo ambaye hukumkuta. Nililoshindwa kulisema siku ile nakuandikia leo.

Salim alinifuata mimi kuzaliwa. Tangu utotoni mikono na miguu ilimvimba, macho yakawa manjano, akilia usiku kucha kwa maumivu. Watu wakasema karogwa. Nikiwa darasa la tatu, walikuja wageni shuleni na masanduku ya vioo, wakatutoboa vidole mmoja mmoja, wakaenda zao. Salim alitoa damu kama sisi wengine. Hakuna aliyerudi kutuambia walichokiona. Miaka miwili baadaye malaria ilimshika Jumatano usiku, na Ijumaa tukamzika. Alikuwa na miaka tisa.

Nilikuja kuelewa nikiwa chuo cha maabara, siku nilipoinamia hadubini nikaona chembe zilizopinda kama mundu. Babu yako na bibi yako kila mmoja alikuwa na jeni moja ya selimundu, na hiyo moja haikuwadhuru, bali iliwakinga. Kimelea huhitaji kama saa 48 ndani ya chembe kukua na kujigawa, kisha chembe ipasuke na vipya vivamie nyingine. Kwa mwenye jeni moja, chembe iliyoingiliwa ikifika penye oksijeni kidogo hupinda, kimelea hudumaa, na bandama huiondoa. Lakini kwa wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kurithi jeni mbili. Salim alizirithi mbili. Mtoto kama huyo kinga ile haimwokoi: bandama yake huharibika mapema, damu yake ni haba tayari, na malaria humaliza hata hiyo kidogo. Kilichomlinda mama yetu ndicho kilichomwondoa mwanawe.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya, akawa anakusanya damu za watu. Aliona jeni hii ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa wanaume 30 wa Kiluo walioambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 walionekana na vimelea, kati ya 15 walio nayo, wawili tu. Jina la Allison linasomwa madarasani, na anastahili. Ya wale 30 hayasomwi.

Usidhani nakukatisha tamaa. Kazi hii naiheshimu kuliko zote. Hospitalini Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu, wakichunguza na papo hapo wakitibu. Kule Kilifi, Kenya, Silvia Kariuki na wenzake walichunguza damu ya watoto 42, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba wenye aina ya damu iitwayo Dantu wana chembe zenye ngozi iliyokazana, kimelea kinashindwa kupenya. Huenda siku moja ikapatikana dawa ya kuzikaza chembe za kila mtoto. Laiti Salim angezaliwa wakati huu!

Vitabu vyenu humwita mtu aliyeingiwa na kimelea "mwenyeji". Ni neno zuri, na nakuomba ulichukue kwa uzito wake wote. Kwa mwenyeji hubishiwi hodi, unabisha wewe. Unamweleza kilichokuleta kwa lugha anayoielewa mama aliyetoka shambani, na akikataa, unashukuru unaondoka. Akikubali, jibu lake umrudishie mwenyewe, hata kama makala yako haijatoka. Ile chupa ya damu itakuwa na namba, nami najua lazima iwe hivyo kulinda siri za watu. Lakini wewe ukiishika, jua kwamba ina mwenyewe, na kwamba nyumbani kwao yupo anayengoja.

Mimi nilijipima nikiwa chuoni, ninayo jeni moja. Baba yako hajawahi kupima, wala wewe. Basi kabla hujamtoboa kidole mtoto wa mtu, nenda kapime. Kaa kwenye benchi na wengine, usiwaambie wewe ni nani, usubiri jibu lako. Kisha unipigie.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanaidi