Lamu: Mji Ambao Sadaka Humfikia Hata Punda

Kutoka Mombasa, njia ya kwenda Lamu hupita Malindi, Garsen na Witu, kisha hukoma kwenye gati la Mokowe. Hapo msafiri huliacha basi na kupanda boti, na baada ya mwendo mfupi wa bahari mji hujitokeza: nyumba za mawe zilizosongamana ufukweni, Ngome iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821, na nyuma yake vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana humo hupishana kwa ubavu. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wengi huja kutazama milango ya nakshi. Sisi tulikuja kutazama jambo lisilopigwa picha mara nyingi, nalo ni jinsi sadaka inavyofanya kazi katika mji wa Waislamu.

Katika vichochoro hivyo gari haliingii. Kinachoingia ni punda. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, boriti, madumu ya maji na magunia ya unga yanayoteremshwa majahazini humalizia safari yao juu ya mgongo wake, ndani ya shogi. Ukipita Usita wa Mui asubuhi, utasikia mara kwa mara sauti ya mchungaji ikikuomba njia, nawe utajibana ukutani mzigo upite. Si nyumba tu zilizojengwa kwa mgongo huo. Jamaa nyingi za hapa hupata chakula cha jioni kwa sababu punda wao aliamka mzima.

Lugha yetu, hata hivyo, haikumtendea haki mnyama huyu. Tumezoea kusema punda afe mzigo ufike, na kwamba asante ya punda ni mateke. Kwa methali ya kwanza tumemhukumu kifo, na kwa ya pili tumemlaumu kwa kutoshukuru.

Kwenye barabara ya ufukweni ipo hospitali yake. Ilifunguliwa mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la Uingereza lililoasisiwa na Dkt. Elisabeth Svendsen mwaka 1969, baada ya yeye mwenyewe kuizuru Lamu na kuona hali ya punda wa hapa. Matibabu hutolewa bila malipo. Maradhi yanayoletwa ni yale yale yaliyozoeleka: vidonda vya mgongoni vinavyosababishwa na tandiko baya, kwato zilizopasuka au kurefuka kupita kiasi, minyoo, na matumbo yaliyozibwa na mifuko ya plastiki iliyookotwa jalalani. Aidha, huandaliwa mashindano ya punda waliotunzwa vizuri, na mwenye punda bora hupewa zawadi mbele ya watu. Hivyo uangalizi mwema umekuwa jambo la kujivunia mtaani, wala si amri ya mgeni.

Tuizingatie hekima ya mpango huo. Mwenye punda mgonjwa si tajiri. Lau angetozwa fedha, angengoja mpaka kidonda kioze, kisha angempoteza mnyama na riziki kwa pamoja. Mlango unapokuwa wazi bila malipo, humleta mapema. Kwa hiyo sadaka aliyopewa punda imemfikia pia baba wa nyumba, mkewe na watoto wanaosubiri karo ya shule. Hisani iliyopangwa vizuri haimchagui mnyama dhidi ya binadamu, bali huwahudumia wote wawili kwa dawa moja.

Haya si mageni kwetu. Sote tumewasimulia watoto habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, Allah (SW) akamghufiria. Na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia hadi akafa njaa. Zaidi ya hizo, Abu Daud amepokea kisa cha ngamia aliyetokwa na machozi alipomwona Mtume (SAW). Mtume akampangusa hadi akatulia, kisha akamwita mwenye ngamia na kumkumbusha kumcha Allah, kwa kuwa mnyama alilalamika kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa kwa kazi. Huyo alikuwa mnyama wa kazi, kama punda wa Lamu.

Swali linalotukabili basi ni hili: ikiwa mafundisho haya yamo misikitini mwetu kwa karne nyingi, ni nini kilichohitajika ili hospitali isimame? Huruma haikukosekana. Kilichohitajika ni mpango unaodumu: fedha inayoingia kila mwezi, daktari anayelipwa, dawa zisizokatika. Na mpango wa namna hiyo tunao jina lake, nalo ni wakfu.

Lamu yenyewe ni shahidi. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, aliwafundisha humu hata wale ambao jamii ya wakati wake iliwaona duni, na chuo kilichokua kando ya Msikiti wa Riyadha kimepokea wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki. Hisani yake haikuzikwa naye. Kabla yake, Sayyidna Uthman (RA) alikinunua kisima cha Ruma huko Madina na kukiacha kwa Waislamu wote, na Sayyidna Umar (RA) aliifanya ardhi yake ya Khaybar kuwa wakfu usiouzwa wala kurithiwa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuta Damascus wakfu za kuwakomboa mateka, za kuwavika mabibi harusi wa maskini, na hata ya kumlipia mtumishi aliyevunja chombo cha bwana wake. Waliotoa waliitazama shida iliyokuwa mbele yao, kisha wakaitengea mali.

Shida ya leo imebadilika sura. Katika miaka ya karibuni punda wa Kenya walichinjwa kwa wingi ili ngozi zao zipelekwe China kutengenezewa dawa ya asili. Watetezi wa wanyama na wafugaji walipaza sauti, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaafiki kuizuia biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Huo nao ni msaada, kwani kumtetea asiye na ulimi ni sadaka.

Tunawashauri wazazi wasomaji wetu waanze na kilicho karibu. Familia chache zikiungana zinaweza kutenga kodi ya chumba kimoja cha duka iwe ya dawa za mifugo ya wanyonge, au kujenga birika la maji nje ya msikiti kwa wanyama wapitao. Watoto nao wakabidhiwe zamu ya kulijaza. Iandikwe, isimamiwe, ihesabiwe, ili aliyetoa akiondoka duniani maji yaendelee kumiminika. Tunamwomba Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutoa kinachobaki. Amin.