Kwa Mpwa Wangu, Kabla Hujalipia Nyavu

Dongobesh, Mbulu

Mpwa wangu,

Mahindi yameingia ndani, bibi yako mguu unamsumbua lakini anakula. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Katesh kwa sababu simu yako siku hizi inaita tu.

Nimesikia maksai mmoja ameuzwa. Aliyeniambia alikuwa anatoka mnadani Katesh, wala hakusema kwa ubaya; alidhani ninajua. Anasema fedha ni za nyavu, kwamba unahamia Basotu kuvua, na kwamba kuna duka limekuwekea pisi mbili za bei ileile uchukue mojawapo.

Kuvua si kosa. Watu wanatuona sisi Wairaqw kuwa ni wa jembe na ng'ombe tu, lakini mimi nilivua Ziwa Babati tangu upande huu wote ukiwa bado mkoa wa Arusha, na bati za nyumba hii zililipwa na kambale. Kinachonikosesha usingizi ni hizo pisi mbili. Mtu aliyevunja jozi ya maksai, halafu anasema "bei ni moja, nitachukua yoyote", hajui ananunua nini.

Baba yako atakuambia mchagua jembe si mkulima. Ndiyo methali yake. Alitutolea hiyohiyo siku alipotuletea ng'ombe mwenye chuchu mbili zilizokufa kwenye mahari ya dada yangu, nasi tukaomba tuchague mwingine. Kwa methali ile anasemwa mvivu anayelaumu jembe wakati wenzake wanalima. Dukani, chagua mpaka muuzaji akuchoke.

Nikueleze niliyoyaona. Pale Babati nilikuwa na rafiki, Mnyaturu kutoka Singida, kijana mwenye nguvu kuliko mimi na mwenye maneno kuliko mimi. Tulinunua nyavu siku moja, duka moja, kwa bei moja. Yeye alichukua ndefu yenye uzi mwembamba, mimi fupi yenye uzi mnene. Alinicheka njia nzima. Na wiki za kwanza alikuwa na haki ya kucheka, maana uzi mwembamba ni laini na samaki hauoni upesi. Perege walimjaa, mimi nikabaki na wa kitoweo. Halafu maji yakapanda, kambale wakaanza kuja. Kambale unamjua: ana miiba miwili ubavuni, akinaswa anajizungusha mpaka wavu unakuwa kamba. Wavu wa mwenzangu ukatoboka, na kila tundu likazaa jingine. Mchana anashona, usiku anatega, uzi wa kushonea ananunua kwa fedha ya samaki ambao bado hajawapata. Siku moja kiboko akapita katikati ya kilichobaki. Kabla msimu haujaisha alikuwa ananiomba nafasi kwenye mtumbwi wangu, nami nilimpa. Alikuwa mvuvi hodari, na bado nasema alinishinda kutega. Tatizo lake ni kwamba alinunua wavu wa perege akaupeleka kwa kambale.

Kwa hiyo usianze dukani. Anza Basotu. Ziwa lile ni maji baridi, si kama Balangida lenye chumvi, lakini hilo pekee halikutoshi. Kaa na wazee wanaovua pale uwaulize: chini kuna visiki au tope? Kambale ni wengi au perege? Wao wanatumia uzi gani, na wavu unawadumu muda gani? Ukishajua maji, ndipo uzifungue pisi zako mbili.

Soma namba ya uzi. Utakuta 210, halafu mkwaju, halafu namba nyingine. Ile 210 inapima wembamba wa nyuzi zilizosokotwa: mita 9,000 za uzi mmoja zina uzito wa gramu 210. Namba ya pili ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja; ikiwa kubwa, wavu ni mnene. Usiamini karatasi peke yake. Kama macho ya nyavu na vipimo vyote vinalingana, ziweke pisi zote mbili kwenye mizani: iliyo nzito ndiyo yenye uzi mwingi. Vuta jicho moja kwa vidole viwili. Fundo likiteleza, irudishe. Pima jicho likiwa limenyooshwa, fundo hadi fundo, kwa rula yako mwenyewe. Na ile pisi inayoning'inia nje ya duka kuvutia wateja usiiguse, hata wakikupunguzia. Jua linakula nailoni, na wewe pia utaanika nyavu zako kivulini.

Sasa nirudi kwenye hiyo bei moja, maana hapo ndipo vijana mnapoliwa. Pisi ya mita 100 imepimwa ikiwa imenyooshwa, macho yamefumba. Ukiifunga kwenye kamba lazima macho yafunguke ili samaki aingize kichwa, na majini unabaki na kama mita 50. Kisha kamba ya juu unanunua, ya chini unanunua, maboya, chubwi, uzi wa kushonea. Iliyo ndefu inakula hivi vyote kwa wingi zaidi. Basi zile nyavu mbili za bei moja hazina bei moja. Andika gharama zote mpaka wavu unapogusa maji, ongeza za kushona kwa msimu mzima, ndipo ulinganishe.

Wakikuletea timba, ile ya uzi mmoja inayong'aa, kataa hata ikiwa ya bure. Kanuni za Uvuvi za 2009 zimeikataza, na kule Ziwa Victoria mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto wenyewe wakitazama. Nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri pale Katesh umuulize jicho linaloruhusiwa Basotu, na ukate leseni. Usivue na mtu anayekunywa. Usikope samaki ambao hawajavuliwa.

Mama yako hajui. Tangu tope la Mlima Hanang literemke Katesh, Desemba 2023, mvua ikinyesha nawe uko huko halali, na sasa asikie umeingia ziwani kutoka kwa mpita njia? Mwambie wewe.

Na maksai aliyebaki usimuuze. Nimesikia unasema mmoja hana kazi. Mimi ninaye mmoja aliyefiwa na mwenzake. Tutawafunga pamoja, shamba la mama yako lilimwe mvua zikianza. Kama fedha bado iko mfukoni, isitoke mpaka umefika Basotu na kupima nilivyokuambia. Ukishapima, nipigie unitajie namba ya uzi, jicho na uzito wa kila pisi. Ukipiga bila namba hizo nitakata simu.

Mjomba wako