Mkate wa asubuhi

Kwenye kikao chetu mama mmoja alisema kwamba wagonjwa wa sukari wanajiua wenyewe kwa mdomo. Nilinyamaza. Leo ninamujibu, kwa heshima.

Ninajidunga insulini tangu miaka sita. Mbele ugonjwa ujulikane, nilikonda mpaka majirani wakanong'ona juu ya ugonjwa mwingine. Nilipoanza sindano mwili ulirudi, maana insulini ndiyo inaingiza sukari ya chakula mwilini ili itumike. Isipokuwepo, sukari inatoka na mkojo. Watu wakashangilia: «Mwalimu, umenona!» Walikuwa wananisifu. Lakini mimi nilianza kujipima na kikwembe kila asubuhi.

Usiku sukari ilikuwa ikishuka. Ninaamka ninatetemeka, jasho linanitoka, na njaa ile si ya kawaida, ni sawa vile mtu anayezama anatafuta hewa. Vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena, ndivyo tunafundishwa. Lakini nani anangoja? Nilikula ugali baridi na sombe, ndizi, hata mkate wa watoto, nimesimama gizani. Asubuhi niliuliza pamoja na wengine nani amekula mkate. Siku moja mtoto wangu wa pili aliazibiwa juu ya mkate ule. Sijasahau.

Ili kufuta chakula kile, niliruka sindano. Kikwembe kikalegea, nikafurahi, nikaruka tena.

Mwili usipokuwa na insulini unakula mafuta na nyama yake wenyewe, na damu inajaa asidi. Nilitapika, pumzi ikanuka sawa matunda yaliyoiva sana, wakanibeba kwa pikipiki mpaka hospitali. Kwa siku chache tu mtu anaweza kufa hivyo.

Ndani ya daftari langu la vipimo nilikuwa nimeandika namba nzuri za uongo. Mimi, ninayepa mwanafunzi sifuri akinakili! Muuguzi alifungua, akaona kurasa zote zimeandikwa kwa kalamu moja, hakuna siku mbaya hata moja. Hakunigombeza. Aliuliza: «Dada, ukiwa peke yako, unakula namna gani?»

Nililia kwanza. Kisha nikasema yote, hata mkate. Akaniambia kwamba huo nao ni ugonjwa, unapata watu wengi wanaotumia insulini, na unatunzwa, si ulafi. Daktari alibadilisha kipimo cha usiku ili sukari isishuke tena vile, na akanikataza kujinyima chakula muchana, maana njaa ya muchana ndiyo inalipwa usiku.

Kwa hiyo mama yangu, usihesabu vipande kwenye sahani ya mugonjwa. Nilipohesabiwa, nilijificha zaidi. Mtoto wangu nilimuomba musamaha. Alicheka, alikuwa amesahau.

Dada yangu mukubwa anakuja magaribi saa ya sindano. Haulizi kitu. Anachambua maharagi, ananiangalia nikijidunga, tunakula pamoja, kisha anarudi kwake.